Mbeba Kreti Anayepita Nyuma ya Binti

3 Februari

Dada yangu, malkia wa pasi,

Shikamoo uipokee kwanza, kabla sijaanza majivuno. Nakusalimu kwa sauti zote nilizo nazo, na unajua ni nyingi.

Mama mzima. Mguu unamsumbua asubuhi, ikifika mchana anausahau kwa sababu ya sare za shule. Meza yote imejaa vitambaa vya bluu, tunakulia sakafuni kama wageni wa msiba. Paa limezibwa. Aliyeliziba ni fundi seremala yule tunayemwita Misumari, ambaye siku hizi anaona matundu hata pasipo na tundu. Anakuja, anagongagonga, anakunywa chai, anaondoka. Mama anacheka akiwa naye. Nakuarifu tu, sijasema kitu.

Flashi niliipokea kwa Mjomba, pamoja na barua yako na harufu ya dizeli ya lori lake. Dada, hiyo tamthilia ya Binti wa Duka la Vitambaa imeliua banda letu la video. Watu wanakaa mpaka mlangoni. Bosi Kipara, ambaye hajawahi kunisifu tangu aniajiri, jana kaniita msanii. Karatasi yako ya maelezo ya nani kasema nini niliifuata sehemu mbili za mwanzo, halafu ikamwagikiwa chai, basi nikaendelea kuwasemea kwa akili yangu. Lugha ya huko siijui, lakini sura za watu nazijua, na maiki ninayo mimi. Kuanzia bibi mwenye duka mpaka kitoto kinacholia, wote wanasema ninachotaka.

Maoni ya watazamaji wangu ni haya. Benchi la akina mama linasema binti ni mjinga kumwamini binamu yake. Vijana wa pikipiki wanasema binti hana kosa, ila ana nguo nyingi mno kwa mtu mwenye shida. Muuza mkaa anasema angekuwa yeye angeshauza duka, akapumzika.

Sasa lenye uzito. Sehemu ya tano, binti analia mbele ya duka, na nyuma yake anapita mzee kabeba kreti begani. Hana neno hata moja, anapita tu kama watu wanavyopita barabarani. Nilikuwa nimechoka, maana kulia kwa sauti ya kike kunakwaruza koo, nikampa yule mzee maneno: "Lia taratibu, bibie, wenzio tupo kazini." Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Tangu hapo kila akipita namsemesha. Siku hizi hawaulizi binti ataolewa na nani, wanauliza mbeba kreti anapita lini. Misumari anaongoza. Anasema mtu mwenye akili timamu mtaa ule ni huyo mzee peke yake.

Sauti niliyompa ni nzito, inajivuta mwisho wa neno kama mtu anayevua kiatu kibichi. Ilitoka yenyewe. Juzi mama aliniletea shati nililosahau. Unamjua, haingii bandani, alisimama nje ya pazia. Nilipotoka nilimkuta amesimama palepale, shati liko chini kwenye vumbi. Akaniuliza, "Sauti hiyo umeitoa wapi?" Nikamjibu kichwani kwangu, mama, kuna nyingine nyingi, chagua. Akaokota shati akaenda zake. Jioni chai hakunywa.

Leta sehemu zilizobaki upesi, nina watu wa kuwalisha.

Mdogo wako, sauti elfu na moja,
Domo


26 Februari

Mdogo wangu Domo,

Marahaba. Umenisalimu kwa sauti nyingi, ungetumia moja kuniuliza hali yangu. Sijambo. Chumba cha pasi hapa hotelini kina mvuke, mtu wa pili simwoni. Kidole changu cha shahada kimeungua, ndiyo maana mwandiko umelala. Mwenzangu wa chumbani bado anakoroma, nimeshazoea, akinyamaza ndipo naamka.

Mwambie mama asikae na mguu umening'inia. Na huyo fundi usimfanyie mzaha. Mtu anayeziba paa bila kuambiwa si wa kuchekwa.

Kuhusu tamthilia, unaniaibisha. Mjomba amenisimulia ulivyomgeuza mwanasheria kuwa daktari wa meno. Binti halii kwa sababu ya binamu. Analia kwa sababu duka limeshauzwa na hakuna aliyemwambia, kila mtu nyumbani anajua ila yeye. Ndiyo utamu wote wa hadithi, na wewe umewapa watu kilio cha mapenzi. Mimi na mwenzangu tuliitazama kwenye televisheni ya chumba cha wafanyakazi. Yeye anasema bibi ndiye mwovu. Mimi namwona bibi ni mwoga, basi. Anangoja siku nzuri ya kusema, na siku nzuri haiji.

Huyo mbeba kreti mwache apite kimya. Hayumo katika hadithi. Mji huu una wabebaji wengi kuliko milango, na wanapotaka watu wa kupitapita nyuma ya picha huwaokota hukuhuku sokoni.

Anabeba kwa bega lipi?

Dada yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo, na pole ya kidole. Mama anakusalimu, amekufungia blauzi kwenye mfuko wa Mjomba, usiseme inabana, sema asante. Mtoto wa jirani amepata tetekuwanga, mtaa mzima unajikuna bila sababu.

Bega la kushoto.

Umeuliza kitu hicho kimoja halafu ukaweka sahihi, ukadhani mimi ni mjinga. Mimi shule niliacha, macho sikuacha. Asubuhi, kabla Bosi hajafungua banda, niliisimamisha picha nikasogea mpaka pua ikagusa kioo. Sikio la kulia limepasuka juu. Kabla ya kugeuka anajifuta uso kwa upande wa ndani wa mkono, hapa karibu na kiwiko, sio kwa kiganja. Kisha nikaitoa ile picha ya harusi iliyo chini ya kasha la mama. Dada, sikio ni lilelile. Nikasimama mbele ya kioo nyumbani, nikajifuta uso kama yeye. Mama alikuwa nyuma yangu anashona. Mashine ikanyamaza.

Baba alipoondoka kwenda kutafuta kazi mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Sauti yake siikumbuki, naapa, nimeitafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano. Sasa ile ya mbeba kreti niliitoa wapi?

Si hilo tu. Jana tunakula, nikaomba chumvi, na chumvi nikaiomba kwa sauti yake. Sikukusudia. Mama akanisogezea kopo bila kuinua kichwa, akasema, "Umechelewa leo." Kisha akaacha kutafuna. Hakuna aliyecheka, na unajua mimi hushindwa kunyamaza hata kwenye maziko.

Sehemu ya kumi na moja anatazama mbele, moja kwa moja, kidogo tu, kama mtu aliyeitwa. Bosi anasema hilo ni kosa la wapiga picha. Nimelirudia mpaka rimoti imeshika joto. Midomo yake inacheza. Anasema kitu, na hawakumwekea sauti.

Sasa sikia la nyumbani. Misumari ameomba kumwoa mama. Ameomba kwa adabu, na kofia mkononi, na mimi nikiwa nimejificha nyuma ya mlango kama mke mwenza. Mama amesema atamjibu shule zikifungwa, sare zikiisha. Misumari akafurahi, akataka abadilishe kufuli la mlango maana linashika. Mama akakataa. Unajua kwa nini, ufunguo wa pili aliondoka nao baba. Miaka yote hii tunalipaka mafuta kufuli bovu.

Kama yule ni baba na yuko hai, mama asijibu kwanza. Kama siye, ajibu, afurahi, mzee Misumari aache kuziba matundu ya kubuni. Wewe uko mji uleule wanakopiga hizo picha. Nenda ukaulize. Na usinidanganye kwamba uliuchagua mji huo kwa ajili ya mshahara wa pasi.

Mama sijamwambia. Hajaona sura, amesikia sauti tu.

Domo


20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, Mjomba alipita nikiwa zamu, mara ya pili sikuwa na la kumpa. Mwambie mama blauzi imenikaa vizuri. Kidole kimepona. Hotelini wametuletea pasi mpya nyepesi, zinachoma zaidi.

Nimekutumia sehemu nyingine. Ya mwisho sijaipata, hata hapa haijatoka. Sehemu ya kumi na nne, bibi akikaa peke yake dukani na taa zote zimewaka mchana, nadhani ni nzuri kuliko zote. Hasemi kitu, basi na wewe usimsemee. Mwenzangu alilala hapo. Mimi nilitazama mara mbili.

Nilikwenda ulikoniagiza. Ni ua wa ghala la zamani, ule mtaa wa vitambaa wote ni mbao zimepakwa rangi, nyuma hakuna nyumba. Mtu anayekusanya watu wa kupitapita hakuwepo. Nitakwenda tena siku yangu ya mapumziko.

Usimwambie mama chochote. Usimwambie Misumari. Na mbeba kreti usimpe maneno tena.

Dada yako


5 Mei

Dada,

Salamu zangu zimepungua, zimebaki mbili au tatu, shikamoo ikiwemo.

Mvua imeanza, paa halivuji, Misumari kashinda. Bosi Kipara amenunua spika nyingine, sasa wanatusikia mpaka kwenye mashine ya kusaga.

Umeniandikia bibi na taa zake, pasi na uzito wake, halafu mbao zilizopakwa rangi. Nimekusoma mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote, na haikunichukua muda, kwa sababu hukusema kitu. Ulikwenda mara moja tu? Mwezi mzima una siku moja ya mapumziko?

Katika sehemu ulizoleta mbeba kreti hayupo. Nimezipekua zote. Watu wamekasirika, hasa vijana wa pikipiki, mmoja kanitisha kudai kiingilio chake. Nikamtungia uongo: nikamfanya muuza matunda amwambie mwenzake, "Yule mzee kasafiri, kaenda kwao kuoa." Banda likashangilia. Misumari akasimama kabisa akapiga makofi, kisha akaniambia nje, "Kijana, umefanya vizuri. Mtu kama yule hafai kuishi peke yake." Nikakosa pa kuweka uso.

Ulisema nisimpe maneno. Umechelewa, malkia wangu. Mama sasa ananiuliza. Nikirudi anauliza, bila kuinua macho kwenye mashine, "Yule wa kreti kasema nini leo?" Nikimwambia hakupita, anakata uzi kwa meno, anauliza, "Hata nyuma?" Jumapili Misumari alikuja na mbao mpya ya kizingiti. Mama akamwambia angoje kwanza, jibu litachelewa kidogo. Mtu mzima yule alibeba mbao yake akarudi nayo mtaa mzima, kila mtu anamwona.

Unaona tunakoelekea. Alikuwa ameshaanza kucheka, Dada. Sasa anasikiliza mlango.

Mimi mwenyewe sina raha. Nikiwa kwenye maiki namsemea bibi, namsemea binti, wote wananitii. Lakini barabara ikionekana nyuma yao tupu, ulimi unakuwa mzito, namngoja yeye. Juzi nilinyamaza nikimngoja, na watu wakangoja na mimi, banda zima, tunatazama barabara ya mbao ambayo hakuna anayeipita.

Niandikie. Baya au zuri, niandikie kama mtu.

Domo


29 Mei

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini mko salama wewe na mama. Mguu wake usiuache kwenye baridi hii ya mvua. Mimi mzima. Nimebadilishwa zamu, sasa napiga pasi mapazia.

Kaa chini kwanza.

Nilikwenda mara tatu. Mara ya pili nilimpata yule mkusanya watu, nikashindwa kuuliza, nikajifanya natafuta kazi ya kupita. Nikapita kweli, nimebeba kapu, mara mbili mbele ya duka la uongo. Huenda siku moja utaniona na mimi, usinipe maneno ya kijinga. Mara ya tatu nikamwonyesha picha ndogo ya baba ninayotembea nayo.

Alimjua mara moja. Alifanya naye kazi, alimpenda kwa sababu hakuwa anatazama kamera, ila mara moja tu. Wanaopita nyuma huambiwa watikise midomo bila sauti, ionekane wanazungumza, kwa hiyo usijiumize kutafuta alisema nini. Baba alikuwa na chumba nyuma ya ghala la kreti. Kifua kilimsumbua. Alifariki mwaka juzi wakati wa mvua, kabla tamthilia haijaonyeshwa hata siku moja. Hakuwahi kujiona. Wenzake wa ghalani walimzika. Nimefika, ni mahali safi, kuna nyasi fupi.

Kwa hiyo siku uliyompa sauti alikuwa ameshalala zamani.

Utasema, basi kwa nini nakuletea flashi hii. Hii ni sehemu ya mwisho, na humo yumo. Walikuwa na picha zilizobaki, wakazipachika palipokuwa pamepungua watu. Atapita mara moja, karibu na mwisho, binti akifunga mlango wa duka. Nimekueleza ili asikushtue.

Niliuliza kama alikuwa akitutaja. Jibu nililopewa halimo katika barua hii na hutalipata katika nyingine. Ukinipenda usiulize.

Mama asiisome hii. Ambiwe kwa mdomo, na mtoto wake. Ningekuwa huko ningesema mimi, lakini siko. Miaka yote unajisifu kwamba unaweza kumsemesha mtu yeyote. Basi sema hili moja, kwa sauti yako, halafu umwache ajibu anavyotaka. Kabla hajamfukuza yule fundi.

Nimechoka, mdogo wangu. Namwelewa bibi wa kwenye tamthilia.

Dada yako anayekupenda


17 Juni

Dada,

Shikamoo. Tuko wazima wote. Mama anakula. Naanza na hilo ili upumue.

Barua yako ilikaa kwenye mfuko wa suruali mpaka ikawa laini kama kitambaa. Kila asubuhi nilijiambia, leo. Nilifanya mazoezi chooni. Nikiwa peke yangu ilitoka vizuri sana, tena kwa utulivu, hata wewe ungenisifu. Nikifika mbele ya mama nasema, "Uzi umebaki kiasi gani?" Siku nyingine nikamwuliza kama amemwona paka. Hatuna paka.

Bosi Kipara hakujua kitu. Akabandika tangazo: sehemu ya mwisho, mbeba kreti anarudi. Neno lilikuwa limeniponyoka mbele yake, nikadhani namwambia siri. Mtaa mzima ukajua. Jumamosi mchana banda likajaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nikashika maiki, nikaanza, nikageuka kuchukua maji, nikamwona mama ameketi benchi la mbele, ana gauni lake la kwendea mjini. Mama, ambaye hajawahi kuvuka pazia lile. Misumari alikuwa nyuma kabisa, amesimama, hakumsogelea.

Nilisema sehemu ile yote, Dada, na nilisema vibaya. Binti na bibi walitoka na sauti moja. Hakuna aliyelalamika, wote walikuwa wanatazama barabara.

Binti akafunga mlango wa duka. Baba akaingia pale nyuma, na kreti, bega la kushoto. Watu wakashangilia, wengine wakapiga kelele, "Sema, mzee." Nikasimamisha picha. Sikujua nitafanya nini nikishaisimamisha. Maiki ilikuwa mdomoni, spika mbili za Bosi ziko wazi. Walisikia pumzi yangu tu.

Mama akasema, si kwa nguvu, "Amekonda."

Watu wa benchi la akina mama wakageuka kumtazama. Yeye hakumtazama yeyote. Alitazama juu pale muda ambao maji ya chai yangechemka. Kisha akaniuliza, macho bado yako kwenye kioo, "Lini?"

Nikaweka maiki chini. Nikamwambia, "Mwaka juzi, mama. Wakati wa mvua. Dada amefika mpaka alipolala." Ilitoka sauti nyembamba, ya kwangu, sijaitumia siku nyingi, ilinishangaza. Huko nyuma Misumari akavua kofia. Nadhani alielewa kabla ya wote kwamba mzee aliyekuwa akimshangilia muda wote huo ni mume wa mama. Muuza mkaa naye akavua. Bosi Kipara hakuwa na cha kuvua, akaziba mdomo.

Mama akanyoosha gauni magotini, kwa viganja vyote viwili, kama anavyolaza kitambaa kabla ya kukata. Nikadhani atainuka. Nikamwuliza kama nizime.

Akasema, "Mwachie apite. Watu wanangoja."

Nikabonyeza. Akajifuta uso kwa mkono, akageuka na kreti yake, akapita. Sikumpa neno.

Mdogo wako